Kidato cha Tano cha Wadachi

Jirani zetu wa mtaa wa Barani walikuwa na swali moja tu: kwa nini nikasome Ujerumani, kwa Wadachi, na Malindi nzima inasema Kitaliano? Hata muuza madafu ufuoni anajua kupatana bei kwa Kitaliano. Sikuwa na jibu la maana. Nilitaka uhandisi, nikasikia vyuo vingi vya umma kule havitozi karo, basi.

Nisilolijua ni kwamba KCSE yangu ya 2022, mtihani wetu wa kumaliza sekondari, pamoja na B niliyojivunia, isingeniingiza chuo kikuu cha huko moja kwa moja. Kwanza nipite Studienkolleg, koleji ya maandalizi: mwaka mmoja, mihula miwili, mwisho wake mtihani uitwao Feststellungsprüfung. Ukifaulu ndipo unaomba chuo. Unapangwa kulingana na unachotaka kusomea: mkondo wa T ni wa uhandisi na hisabati, M udaktari na biolojia, W uchumi, na mingine ya lugha na sanaa. Na kuingia kwenyewe kuna mtihani, kwa Kijerumani.

Kulieleza hili nyumbani kulinishinda. Mama alidhani nimekataliwa nikaona haya kusema. Aliyeokoa jahazi ni Ami, ndugu yake marehemu baba, mtu wa mfumo wa zamani wa elimu, kabla ya 8-4-4 (miaka minane ya msingi, minne ya sekondari, minne ya chuo). Alinisikiliza huku akimenya embe, akaniuliza mwaka mmoja huo wanasoma nini, nikamtajia: hisabati, fizikia, kemia, lugha.

"Ah! Hicho si ni kidato cha tano na sita," akasema. "Sisi tulikisoma. Hapa kwetu watu wa mwisho kukifanyia mtihani ni wa 1989. Wadachi bado wanacho, ndiyo maana wanataka ukakimalize kwao."

Tangu siku hiyo, nyumbani kwetu jina la Studienkolleg likawa kidato cha tano, na mama akaacha kuniombea dua ya waliofeli.

Kabla sijafika mbali kidogo niliwe. Kuna wakala mmoja aliyeniambia mtihani wa kuingia hauna haja, yeye ana koleji ya binafsi inayochukua yeyote. Karo yake ilikuwa maelfu ya euro. Nikamuuliza Ami, Ami akaniambia muulize mtihani wa mwisho wanafanyia wapi. Wakala akababaika. Baadaye nilielewa kwamba baadhi ya koleji za binafsi hazina kibali cha kutoa mtihani huo, mwanafunzi analipa mwaka mzima kisha anaenda kuufanya kwingine kama mtahiniwa wa nje. Nyingi za serikali hazitozi karo, unalipa mchango wa muhula tu. Ila lazima ufaulu kuingia.

Kijerumani nilikisoma Nairobi, nikikaa kwa dada yangu Eastleigh, kuanzia Februari 2023. Cheti cha B2, ngazi ya nne kati ya sita za kuijua lugha, kina sehemu nne, na kila moja lazima upate 60 kwa 100. Mimi kusikiliza kuliniangusha kwa alama tatu. Afadhali unarudia sehemu iliyokuangusha peke yake, si mtihani wote. Kutuma maombi kupitia uni-assist, shirika linalopokea maombi kwa niaba ya vyuo, kulikuwa euro 75 kwa koleji ya kwanza na 30 kwa kila ya ziada, nami nikaomba tatu.

Sasa nifike kwenye kile kilichonitoa jasho. Mtihani wa kuingia una hisabati, ambayo haikunisumbua, na una kitu kinaitwa C-Test. Unapewa maandishi mafupi kadhaa. Sentensi ya kwanza iko nzima. Kuanzia ya pili, kila neno la pili limekatwa nusu yake ya mwisho, uimalizie mwenyewe. Kwa Kiswahili ingekuwa hivi:

Mvuvi alirudi na samaki watatu. Mmoja aka___ jirani ya__ na waw___ akawauza sok___.

Umejaza bila kufikiri, sivyo? Mdomo umejaza wenyewe. Sasa mimi nilikuwa na cheti cha B2 mkononi, na mbele ya maandishi kama hayo ya Kijerumani mdomo wangu ulikuwa kimya. Kila nafasi nilikuwa nakwenda kichwani kutafuta jedwali: neno hili ni la ngeli gani, der, die au das, liko katika hali gani, mwisho wake ni -en au -em. Dakika zinakwenda. Mtihani wa kwanza, Aprili 2024, niliufanyia nyumbani kwa kompyuta, na stima zikapotea nikiwa nimebakisha andiko moja. Kwa muda mrefu niliwaambia watu ni stima. Nisidanganye: hata zingekuwepo ningeanguka.

Nilibaki na miezi miwili kabla ya mtihani wa koleji ya pili. Nikajiuliza, mimi nilijuaje kusema "kisu changu" na "nyumba yangu"? Hakuna aliyenichorea jedwali la ngeli kabla sijaomba kisu jikoni. Nilivisikia vikiwa vimefuatana mpaka kinyume chake kikaniumiza masikio. Basi nikayatupa majedwali. Kila asubuhi, mama akikanda unga wa mahamri, mimi nikisoma kwa sauti habari fupi tatu za Kijerumani, kila moja mara nne. Jioni nazinakili kwenye daftari nikikata maneno nusu, asubuhi ya pili najaza. Mama alifika mahali pa kunisahihisha matamshi, na hajui hata neno moja.

Mtihani wa pili nikaenda kuufanyia katika ofisi ya hoteli moja yenye jenereta. Nikapita.

Pesa za viza nazo zina hadithi yake. Ubalozi unataka uonyeshe akaunti yenye gharama ya kuishi mwaka mzima, wakati huo euro 11,208 (tangu Septemba 2024 ni 11,904). Watu mtaani walidhani ni hongo ya Wazungu. Ni pesa zako, zinafungwa tu, ukifika unapewa fungu kila mwezi. Ami aliuza kiwanja cha Mayungu kwa ajili hiyo. Januari 2024 dola ilikuwa imefika shilingi 160 na euro imevuka 170, akakataa kutuma: "Tungoje." Tulipotuma Juni, euro ilikuwa karibu 140. Hiyo ni zaidi ya laki tatu tuliyookoa kwa ubishi wa mzee mmoja.

Mwaka wenyewe ulipita mbio: saa kama thelathini darasani kila wiki, katika mji mdogo wa mashariki ya Ujerumani, wenzangu wa kutoka Vietnam, Morocco, Syria na Kolombia. Fizikia niliijua, maandishi yake ndiyo yaliyonichezea. Wiki ya pili nilikokotoa nguvu ya breki za gari nikapata jibu la kuchekesha, mwalimu akaniita ubaoni. Kwao nukta hutenganisha maelfu na mkato ndio desimali. Mimi nimesoma 1.500 nikaandika gari la kilo moja unusu.

Lakini jambo moja nilikuwa mbele ya wengi. Mjerumani husema tano na thelathini, si thelathini na tano, na mwalimu akitaja tarakimu haraka nusu ya darasa wanaziandika kinyume. Mimi na Mmorocco tulitazamana tukacheka. Madrasa ilinifundisha khamsa wa thalathin nikiwa na miaka sita.

Juni 2025 nikafanya mtihani wa mwisho, ambao kurudia ni mara moja tu. Nikampigia mama: nimepata 2,1. Akanyamaza, kisha kwa sauti ya kunibembeleza, "Mbili kwa ngapi, mwanangu?" Ikabidi nimweleze kwamba kule 1 ndiyo bora, 4 ndiyo mwisho wa kufaulu. Hakuamini mpaka Ami alipochukua simu. Yeye hakuuliza alama. Aliuliza, "Kidato cha sita kimekwisha?"

Oktoba nilianza uhandisi wa mitambo. Sasa kuna binti wa Maweni anayejiandaa, mtihani wake ni Mei. Nimempa madaftari yangu yote ya maneno yaliyokatwa. Jana kanitumia picha ya ukurasa mmoja, nafasi saba tupu, na pembeni kachora jedwali la der, die, das. Nikamwambia afunge jedwali, asome kwa sauti, na kama mamake yuko jikoni amsomee yeye.