Singe ya babu: kutu imesimama, sasa zamu ya ala

Grenda nimeikataa. Fundi mmoja wa Gerezani aliigeuzageuza singe (kile kisu cha kuchomeka kwenye mdomo wa bunduki) mkononi, akaniambia, "Braza, niachie dakika tano tu, utajiona uso humu." Hicho ndicho nisichokitaka. Hii ni singe ya Lee-Enfield, bunduki waliyobeba askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la mkoloni Mwingereza huku Afrika Mashariki), na jiwe la grenda likipita tu, alama zote kwaheri. (Bunduki yenyewe sina wala siitafuti. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 haina utani.)

Kazi kubwa ilikuwa kwenye shina la bapa, karibu na mpini, ambako kutu ilishajijenga magamba. Nilifunga pamba yenye mafuta ya taa ikalala hapo usiku kucha. Kukwangua, nimetumia waya wa umeme wa shaba niliougonga nyundo mpaka ukawa bapa: shaba ni laini kuliko chuma cha singe, inaondoa gamba bila kuchora. Msasa haugusi hapa. Weusi uliotulia chini ya kutu nauacha, huo hauli chuma.

Taji likaanza kujitokeza, kisha GR (herufi za Mfalme George), kisha 1907. Hapo wengi huingia mkenge: 1907 ni mwaka wa muundo tu. Tarehe ya kutengenezwa iko chini yake kwa herufi ndogo, mwezi kisha mwaka, na yangu inasoma 4 '17. Upande wa pili kuna mshale wa mali ya serikali ya Uingereza, na X ya kuonyesha kwamba bapa lilipindwa kwa majaribio likapita. Kitako cha mpini kina tundu, walianza kulitoboa 1916 ili uchafu usikwame. Nilipoingiza kijiti, ikatoka grisi iliyokauka pamoja na mchanga.

Babu aliingia KAR wakati wa Vita ya Pili, kwa hiyo singe ilikuwa mkongwe kuliko utumishi wake. Ilifikaje nyumbani? Baba Mkubwa akiulizwa anacheka tu. Anayetaka kuona singe ikiwa kwenye bunduki, aende pale Sanamu ya Askari, katikati ya Dar es Salaam, iliyozinduliwa 1927. Ncha imeelekezwa bandarini.

Bapa sasa lina nta ya nyuki, nyembamba, niliyopaka baada ya kulipasha moto kwa kikaushia nywele. Nalishika kwa glavu, maana jasho lina chumvi, na hapa Kigamboni upepo wenyewe unatosha kuotesha kutu.

Imebaki ala, yaani mfuko wa ngozi wa kuchomekea singe. Ngozi hunyonya unyevu na ina asidi iliyobaki tangu ilipotengenezwa, hivyo singe hairudi ndani, vitalala mbalimbali. Baba Mkubwa anataka ipakwe kiwi. "Baba, tusubiri kwanza," nimemwomba. Mshono wa nyuma umefumuka karibu na ncha. Nitaushona kwa uzi uliopakwa nta, kupitia matundu yaleyale ya zamani.