Nilivyofundisha spini ya almasi kwa kete na dadu

Wanafunzi wangu wa kidato cha sita hapa Tanga wanaijua almasi ya Mwadui kwa thamani yake. Mimi nilitaka waipende kwa kasoro yake: mahali ambapo atomu ya nitrojeni imekalia nafasi ya kaboni, na jirani yake pakabaki pengo. Elektroni za hapo zina spini, yaani usumaku wao mdogo wa asili, na tangu mwaka 1997 kasoro moja peke yake imeweza kuonekana kwa darubini, tena katika joto la kawaida. Ukiimulika kwa leza ya kijani, inatoa mwanga mwekundu. Spini ikiwa sifuri, mwekundu unakuwa mkali. Ikiwa moja, chanya au hasi, unafifia kwa asilimia 30 hivi.

"Mwalimu, kinachoufifisha ni nini?"

Maabara yetu haina leza ya kazi hiyo, sembuse almasi. Nikachora viwango vya nishati kwenye manila, nikagawa kete za bao, kila kete ikiwa kasoro moja, na dadu. Kijani kinaipandisha kete. Iliyotoka sifuri inarudi palepale, tunahesabu fotoni moja nyekundu, yaani chembe moja ya mwanga. Iliyotoka moja inarushiwa dadu: ikija shufwa, inarudi na fotoni yake, ikija witiri, inapita njia ya pembeni isiyo na mwekundu, inakwama raundi kadhaa kama abiria wa Pangani anayesubiri kivuko, halafu inashukia sifuri. Nimerahisisha, ila uwiano hauko mbali na ukweli: karibu nusu hupita huko, na hukaa nanosekunde 200 hivi.

Raundi za mwanzo kundi la sifuri liliongoza kwa fotoni. Kisha tofauti ikapotea, na binti aliyekuwa akiandika hesabu akapaza sauti: "Zote zimehamia sifuri!" Nilifurahi mno. Njia ileile ya giza inayotuwezesha kuisoma spini ndiyo inayoipanga upya. Ndiyo maana kipimo halisi huchukuliwa mwanzoni kabisa, kikarudiwa maelfu ya mara, kwa kuwa fotoni zinazonaswa ni chache.

Mawimbi ya mikrowevu niliyapitia haraka: yenye masafa ya gigahezi 2.87 yanaitoa kete sifuri kwenda moja, mwekundu unapungua. Ukisogeza sumaku karibu, masafa hayo yanagawanyika mawili, moja chini na jingine juu. Wakakokotoa wenyewe, gigahezi 28 kwa kila tesla, kipimo cha uga wa sumaku: uga wa militesla 1 uliolala sambamba na mhimili wa kasoro unatoa 2.842 na 2.898. Kengele ililia wakiwa bado wanabishana namna ya kuujua mhimili wenyewe, maana ndani ya almasi unaweza kuelekea pande nne.