Nilipofikia na kimeng'enya cha CYP17A1

Kwa asiyefuatilia mradi huu: kwa kompyuta yangu ya nyumbani natafuta molekuli ndogo za kukizuia CYP17A1, kimeng'enya ambacho mwili hautengenezi androjeni (homoni za kiume) bila hicho. Saratani ya tezi dume hulishwa na homoni hizo, kama Charles Huggins alivyoonyesha mwaka 1941. Hata korodani zikiondolewa, tezi zilizo juu ya figo huendelea kuzitengeneza, na wakati mwingine uvimbe wenyewe pia.

Safari hii nimeanza na abirateroni, dawa iliyobuniwa London na kuidhinishwa Marekani mwaka 2011. Umbo la kimeng'enya kikiwa kimeishika limewekwa wazi kwa kila mtu kwenye Protein Data Bank, hifadhi ya mtandaoni ya maumbo ya protini, namba 3RUK. Niliitoa dawa mfukoni mwa kimeng'enya, yaani kwenye shimo linaloishika, nikaiachia AutoDock Vina, programu ya kukisia molekuli inavyokaa kwenye protini, iirudishe. Ikarudi karibu palepale: naitrojeni iliyo kwenye piridini, pete mojawapo ya dawa, inaelekea atomi ya chuma ya himu, sehemu ya kimeng'enya inapofanyika kazi yake, na upande wa pili haidroksili ya dawa (oksijeni na haidrojeni) imeshikana na asparajini ya 202, asidi amino iliyo nafasi ya 202 katika kimeng'enya. Nilifurahi mno kuliona hilo kwenye skrini.

Kisha nikajaribu molekuli zisizo za steroidi, yaani zisizo na umbo la pete nne kama la abirateroni. Baadhi zimepata alama za juu bila hata kukisogelea chuma, maana Vina hutazama zaidi molekuli inavyojaa mfukoni, na kifungo cha naitrojeni na chuma haikipimi ipasavyo. Sasa napima umbali mwenyewe. Naitrojeni ikiwa mbali na chuma kupita angstromu 3 (angstromu ni sehemu moja ya bilioni kumi ya mita), molekuli hiyo naiacha, alama yake iwe nzuri vipi.

Kinachoninyima usingizi ni kwamba CYP17A1 ina kazi mbili. Ya kwanza inahitajika kutengeneza kotisoli, homoni nyingine ya tezi zilizo juu ya figo. Ya pili, ya kukata mnyororo wa kaboni, ndiyo inayofungua njia ya androjeni. Abirateroni huzizima zote. Kotisoli ikishuka, ubongo huzichochea tezi hizo zaidi, potasiamu hupungua na shinikizo la damu hupanda, ndiyo sababu wagonjwa hupewa pia prednisoloni, dawa inayoshika nafasi ya kotisoli. Molekuli itakayozuia ile ya pili peke yake ingewapunguzia watu hawa mzigo mkubwa.

Shida ni kuwa kazi zote mbili hufanyika katika mfuko uleule. Ila ile ya pili huongezewa nguvu na protini nyingine, saitokromu b5, inayojishikiza nje, karibu na asidi amino za ajinini za nafasi ya 347 na 358. Hapo ndipo naelekea sasa, ingawa uso wa protini sehemu hiyo hauna shimo la maana la kuishikilia molekuli ndogo.