Nauli bila konda

Jioni hii, katika daladala ya Kariakoo kwenda Mbagala, konda aliteremka Mtoni kwa Aziz Ali kumsaidia mama mwenye mizigo, na gari likaondoka bila yeye.

Wengi tulikuwa hatujalipa.

Tulipofika Rangi Tatu, ambako mtu angeweza kupotelea kwenye umati bila kuulizwa, abiria mmoja baada ya mwingine alizunguka hadi dirishani kwa dereva na kumkabidhi nauli.

Kijana mmoja aliyekuwa na noti ya shilingi 1,000 alisimama kwa subira akingoja chenji yake. Angeondoka na noti nzima, nani angemfuata?

Wapo wanaosema kwamba bila polisi na mahakama sote tungekuwa wezi. Mimi nakataa, ingawa bado najiuliza kama kilichotusukuma ni dhamiri, hofu ya Mungu, au haya mbele ya wenzetu.

Ndugu zangu, ninyi mnaonaje?