Nilivyopata nafasi ya tatu kwenye timu ya vitara ya chuo

Nilifika chuo Marekani nikiwa na miaka 19, na upanga wa mchezo nilikuwa sijaugusa maishani. Mwaka wa pili nikawa nasimama nafasi ya tatu katika kikosi cha wanawake cha epee, mojawapo ya aina tatu za panga za mchezo huu. Nayaandika haya kwa ajili ya mabinti wa kwetu wanaoambiwa wamechelewa, kama nilivyoambiwa mimi. "Asiyeanza na miaka saba hafiki popote," mwenzangu mmoja wa mwaka wa nne aliniambia siku ya kwanza, tena mbele ya watu. Maneno yale yaliniuma sana.

Ni kweli vyuo vikubwa havichukui wanaoanza. Penn State ina mataji 13 ya NCAA, chama cha michezo ya vyuo Marekani, tangu wanaume na wanawake waanze kuhesabiwa pamoja mwaka 1990, na Notre Dame na Columbia nao hukusanya watoto waliokulia kwenye mchezo huu. Lakini vyuo vingi vina klabu za wanafunzi zinazoshindana zenyewe kwa zenyewe, na yetu ilikuwa mojawapo. Huko anayejitokeza hufundishwa. Barakoa na koti niliazimwa. Glavu na waya wa mwilini, unaounganisha upanga na mashine ya taa za pointi, nilinunua, kama dola 80 hivi, labda 100 na soksi.

Ukutani ukumbini kulikuwa na picha za timu za zamani, na wanawake wote wameshika foili, aina nyingine ya upanga. Kocha ndiye aliyenieleza kwa nini: epee ya wanawake iliingia NCAA mwaka 1995, na seba, aina ya tatu, mwaka 2000. Nilichagua epee papo hapo. Kwenye epee mwili mzima ni shabaha, kuanzia kidole cha mguu hadi barakoa, na mkichomana kwa wakati mmoja nyote mnapata pointi.

Pambano langu la kwanza nililipoteza kabla sijapiga hatua. Kabla ya kuanza, mwamuzi huweka kijiti cha chuma cha gramu 750 kwenye ncha ya upanga, kupima springi iliyo ndani yake. Taa ikishawaka, springi inatakiwa ikiinue kijiti mpaka taa izime. Yangu haikuinua. Kadi ya njano. Nikakimbilia upanga wa akiba, nao vilevile, taa inawaka tu. Kadi nyekundu, pointi ya bure kwa mpinzani. Nilisimama pale mikono inatetemeka mpaka mwenzangu akanirushia wa kwake, nikafungwa 5 kwa 0. Hakuna aliyekuwa amenifundisha kukagua ncha. Kila mmoja alidhani mwingine ameshanifundisha.

Usiku ule nilikaa sakafuni bwenini nikafungua ncha zote mbili. Skrubu zake ni ndogo kuliko punje ya mchele, kwa hiyo tandika taulo jeupe chini, la sivyo utazitafuta mpaka alfajiri. Nikaivuta springi kubwa kidogo kwa vidole, nikarudisha, nikapima, nikavuta tena. Mara ya nne kijiti kikainuka. Tangu siku hiyo upanga wangu haujakataliwa hata mara moja, na wenzangu huniletea yao usiku wa kuamkia mashindano.

Ushauri ulionipotezea muda zaidi ni ule wa "wewe mrefu, shambulia tu". Muhula mzima nilishambulia, na muhula mzima nilichomwa mkononi. Likizo nikiwa peke yangu bwenini nikawa namkumbuka mjomba, siku za Maulidi Lamu, tukitazama kirumbizi. Wanaume wawili na fimbo zao, ngoma na zumari, nami mtoto nimesimama mbele yake. Alikuwa akinishika bega: "Usitazame fimbo, mwanangu. Fimbo yadanganya. Tazama kifundo cha mkono."

Nikachukua glavu kuukuu, nikaishindilia vitambaa, nikaining'iniza kwa uzi mlangoni, na kwenye kifundo nikachora duara la ukubwa wa sarafu. Kila jioni naisukuma ibembee, narudi hatua moja, nasubiri, nachoma. Mara 100 mkono ukiwa mzima, 50 ukichoka. Wiki mbili za mwanzo nilikuwa nachoma mlango. Kufikia Machi nilikuwa nalipata duara hata glavu ikizunguka, na mazoezini wale walioanza na miaka saba wakaanza kuficha mikono yao.

Kocha akanipa nafasi ya tatu kati ya watatu wa epee. Timu mbili zikikutana ni mapambano 27, tisa kwa kila silaha, kila mmoja anapigana mara tatu hadi pointi tano. Siku ile kwa jumla tulishindwa 15 kwa 12, lakini epee tulishinda 5 kwa 4, na pambano la mwisho lilikuwa langu. Tukafika pointi nne kwa nne. Kwa matokeo hayo, mkichomana pamoja haihesabiwi. Nikarudi nyuma hatua mbili, nikasubiri. Alipoinua mkono kujiandaa, kifundo kikabaki wazi chini ya kikombe cha upanga wake, kile kinachokinga mkono. Ikawaka taa moja tu, ya kwangu.

Nilimpigia mjomba usiku huohuo. Lamu kulikuwa kumeshakucha.

"Ulimchoma wapi?" akauliza.

"Kifundoni, mjomba."

Akacheka mpaka akakohoa.