Kumbukumbu ya mradi wa mizabibu: si wingi wa maji tu, bali wakati wa kuyapunguza

Uchachushaji wa zabibu za mistari yote mitatu umekamilika, na mvinyo umehamishiwa kwenye madumu ya kioo, kwa hiyo sasa naweza kuandika kwa utulivu kile ambacho msimu huu umeonyesha. Kwa anayeanza kufuatilia hapa, shamba ni dogo, lina Syrah (aina ya zabibu za mvinyo mwekundu) peke yake iliyobebeshwa kwenye shina la 110 Richter linalostahimili ukame, udongo una changarawe, mvua ni haba wakati wa matunda, na maji yanafika kwa mpira wa matone. Mstari wa kwanza ulipata maji kamili msimu mzima. Wa pili ulipunguziwa tangu punje ziliposhika hadi zilipobadilika rangi, kisha ukarudishiwa. Wa tatu ulipata maji kamili hadi rangi ilipobadilika, na hapo ndipo ulipoanza kupunguziwa. Nilitaka kujua jambo moja: je, ubora unaamuliwa na kiasi cha maji, au na wakati ambao mzabibu unayakosa?

Kiasi chenyewe nilikikokotoa badala ya kukikisia. Milimita moja ya maji kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Mizabibu yangu imepandwa kwa nafasi ya mita 2.5 kwa 1.5, yaani kila mmoja una mita za mraba 3.75. Siku ambayo hali ya hewa inadai milimita 6 za maji, na kwa mgawo wa 0.7 (sehemu ya dai hilo ambayo mzabibu hutumia) ambao mwongozo wa FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, wa mwaka 1998 unauweka kwa zabibu za mvinyo katikati ya msimu, mzabibu mmoja unahitaji takriban lita 15.75. Mstari uliopunguziwa ulipata asilimia 40 ya hizo, yaani lita 6.3. Naona hesabu hii ndogo ina faida kuliko kauli za jumla kama “mwagilia kidogo”, kwa sababu kidogo cha siku ya mawingu kinaweza kuwa ukame mkali siku ya upepo na jua.

Hata hivyo, hesabu ya maji yaliyomwagwa haisemi mzabibu wenyewe umepata nini, kwa kuwa mizizi inaweza kuwa imefika mahali ambapo mpira wa matone haufiki. Kwa hiyo nimeendelea kupima majani kwa njia ambayo Per Scholander na wenzake waliitangaza mwaka 1965. Mchana, jani lililo karibu na shina hufunikwa kwa mfuko wa plastiki na karatasi ya alumini kwa muda wa saa moja au zaidi, ili liache kupoteza maji na hali yake ilingane na ya shina. Kisha hukatwa kwa wembe, kikonyo chake kikapenyezwa kwenye mfuniko wa chombo kizito cha chuma, na gesi ya naitrojeni ikaingizwa taratibu huku jicho likitazama kwa lenzi ule mkato. Mwanzoni mkato ni mkavu. Ghafla unang'aa, kisha kitone kidogo cha utomvu kinajitokeza, na shinikizo linalosomeka kwenye geji wakati huo huo ndilo kipimo cha nguvu ambayo mzabibu unatumia kuvuta maji. Kwa kipimo hiki cha shina, baa 9 hadi 11 ni kiu ya wastani, na kinachozidi baa 14 ni kiu kali. Mstari wa pili niliulenga ubaki kwenye kiu ya wastani, na ulibaki humo kwa sehemu kubwa ya kipindi.

Asiye na chombo hicho anaweza kusoma ncha za machipukizi. Mzabibu unaokua kwa nguvu una vikono vya kushikia waya vinavyoipita ncha kwa urefu. Maji yanapoanza kupungua, vikono vinafupika na kulingana na ncha, na baadaye hukauka na kudondoka huku ncha ikisimama kabisa. Katika mstari wa pili ncha zilisimama mapema kabla ya rangi kubadilika, na hilo ndilo nililolitaka, kwa sababu sukari inayotengenezwa na majani inapaswa kwenda kwenye vishada badala ya kurefusha machipukizi.

Sababu ya wakati kuwa na uzito kiasi hiki imo ndani ya punje. Punje hukua kwa vipindi viwili, na katikati yake ukuaji karibu unasimama. Katika kipindi cha kwanza seli zinagawanyika na kutanuka, na maji mengi yanaingia kwa njia ya zailemu, ile mirija inayopandisha maji kutoka kwenye mizizi. Kiu katika kipindi hicho inaacha punje ndogo, na maji yatakayotolewa baadaye hayawezi kuirudishia ukubwa ilioukosa. Punje inapolainika na kubadilika rangi, maji mengi huanza kuingia pamoja na sukari kwa njia ya floemu, ile mirija inayosafirisha sukari kutoka kwenye majani, na punje inapungua kuhisi moja kwa moja ukavu wa udongo. Ndiyo maana mistari miwili iliyopunguziwa kwa uwiano ule ule imezaa matunda yasiyofanana.

Punje za mstari wa pili zilikuwa ndogo kwa namna ambayo mkono unaihisi kabla ya mizani kuithibitisha. Zile za mstari wa tatu zilikaribia ukubwa wa mstari wa kwanza. Rangi na tanini (viambato vinavyokaza ulimi) za mvinyo mwekundu zinatoka hasa kwenye ganda na mbegu, kwa hiyo punje ndogo ina ganda zaidi kwa kila kipimo cha maji yake. Lakini ukubwa sio sababu pekee: kiu ya wastani pia inauchochea mzabibu kutengeneza anthosiani (rangi nyekundu ya ganda) zaidi, na kupungua kwa majani kunaruhusu mwanga kufikia vishada. Mvinyo wa mstari wa pili una rangi iliyokolea zaidi na tanini zinazoshika ulimi bila ukavu. Wa mstari wa tatu umekaa katikati.

Kuhusu sukari, hapa ndipo ninapomwomba msomaji awe mwangalifu. Syrah ina tabia ya kunywea kuelekea mwisho wa kuiva, na katika mstari wa tatu majani ya chini yalikuwa yamegeuka manjano na kudondoka. Kipimo cha Brix, yaani asilimia ya sukari katika juisi kwa uzito, kilipanda, na mtu angeweza kushangilia kwamba zabibu zinaiva haraka. Chukua mfano wa punje ya gramu 1.5 yenye Brix 22: ina gramu 0.33 za sukari. Ikinywea hadi gramu 1.32 na kusoma Brix 25, sukari yake bado ni gramu 0.33. Mzabibu haujaongeza chochote, ni maji tu yaliyoondoka, lakini mvinyo utakuwa na kileo kikubwa zaidi bila ukomavu wa ladha unaolingana nacho. Tangu nilipoanza kupima uzito wa punje pamoja na Brix, siamini tena namba moja ikiwa peke yake, na ningemshauri kila anayeacha mizabibu yake na kiu mwishoni mwa msimu afanye hivyo hivyo.

Mstari wa kwanza haustahili kudharauliwa. Ni kweli machipukizi yake yalirefuka mno, vishada vikakaa kivulini, na mvinyo wake ni mwepesi wa rangi. Katika hali ya unyevu zaidi, kivuli cha namna hiyo kingekaribisha ukungu wa Botrytis. Lakini harufu yake ya pilipili manga ni bayana kuliko ya mistari mingine. Mwaka 2008 watafiti wa Australia walitambua kwamba harufu hiyo katika Syrah inatokana na rotundoni, kemikali ya harufu ambayo imo pia katika pilipili manga yenyewe, na inajulikana kwamba vishada vilivyokaa penye ubaridi na kivuli, kwenye mizabibu isiyokosa maji, huelekea kuwa nayo kwa wingi zaidi. Kwa hiyo ubora unategemea mvinyo unaokusudiwa. Anayelima Sauvignon Blanc, zabibu ya mvinyo mweupe, kwa mfano, hana haja ya rangi ya ganda, na kiu kali ingempunguzia harufu anazozitafuta.

Jambo jingine lililojitokeza ni kasi ya uchachushaji. Juisi ya mstari wa tatu ilikwenda polepole. Udongo mkavu unaupa mzabibu naitrojeni kidogo, kwa kuwa naitrojeni hufika kwenye mizizi ikiwa imeyeyuka katika maji, na hamira inapokosa naitrojeni inalegea. Juisi yenye chini ya takriban miligramu 140 kwa lita huhesabiwa kuwa na upungufu. Nadhani uhusiano huu hauzungumzwi vya kutosha, maana wengi huishia kwenye ukubwa wa punje na kusahau kwamba uamuzi uliofanywa kwenye bomba unamfuata mtu hadi kwenye chombo cha kuchachushia.

Msimu ujao mstari wa tatu utabadilishiwa utaratibu. Nitajaribu kumwagilia upande mmoja tu wa mizizi kwa zamu, njia iliyoendelezwa Australia katika miaka ya 1990 na Peter Dry na Brian Loveys, ambapo mizizi ya upande mkavu inapeleka asidi ya absisiki (homoni ya mmea inayoashiria ukavu) kwenye majani na kupunguza uwazi wa stomata, vile vitundu vya majani vinavyopitisha mvuke, huku upande wenye unyevu ukiendelea kuulisha mzabibu. Syrah ni mtihani mzuri kwa njia hii, kwani haifungi stomata zake kwa haraka kama Grenache, aina nyingine ya zabibu. Mpira wa pili wa matone utalazwa kabla ya machipukizi kutoka, ukiwa na vali yake peke yake. Kwa sasa mistari yote mitatu inapata maji ya kutosha, kwa sababu baada ya mavuno majani yaliyobaki bado yanaweka akiba kwenye mizizi na shina, na akiba hiyo ndiyo itakayolisha machipukizi ya kwanza hadi majani mapya yaweze kujitegemea.