Vigae vya Shanga na swali la asili ya Waswahili

Kwa miaka mingi wanaakiolojia, akiwemo James Kirkman aliyechimba magofu ya Gedi karibu na Malindi, waliihesabu miji ya mawe ya pwani ya Waswahili kuwa kazi ya wageni kutoka Arabuni. Mark Horton alipochimba Shanga, kisiwani Pate, kuanzia 1980, tabaka za chini, za karne ya 8, zilitoa vyungu vilivyochanjwa pembetatu shingoni kabla ya kuchomwa, mtindo unaopatikana hata bara, mbali na bahari, na hivyo ukachukuliwa kuwa ushahidi kwamba waanzilishi wa mji walikuwa Waafrika wenyeji. Hata hivyo, sikubali kwamba chungu ni kitambulisho cha kabila, kwani huuzwa, huigwa, na pengine mfinyanzi mwenyewe huolewa mbali. Vipimo vya DNA ya watu wa kale waliozikwa pwani, vilivyochapishwa 2023, vilivyoonyesha nasaba ya Kiafrika hasa upande wa akina mama na ya Kiajemi upande wa akina baba, navyo hupima ukoo, si uenyeji.